GPS, intakomu na umeme wa pikipiki ya safari ndefu: nini kiungwe na nini

Wanaofunga GPS na vifaa vya mawasiliano kwenye pikipiki ya safari ndefu hukutana na malalamiko yaleyale. Sauti ya ramani inapotea kila wanapozungumza na mwenzao, skrini inazimika ghafla kwenye barabara mbovu, na betri inakutwa imekufa baada ya pikipiki kukaa mwezi bila kuwashwa. Lawama huangukia kifaa. Hurudishwa dukani, kingine kinanunuliwa, na tatizo linabaki palepale kwa sababu chanzo chake hakikuwa ndani ya kifaa.

Chanzo huwa kwenye viungo: kipi kimeunganishwa na kipi, waya upi unatoka wapi, na bolti ipi imebeba mzigo gani. Sauti ina kanuni zake na umeme una zake. Vikifungwa vyote kwa siku moja bila kila kimoja kujaribiwa peke yake, kosa likitokea huna pa kuanzia kulitafuta.

Chora njia ya sauti kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata mafundi hodari wa umeme. Bluetooth haibebi sauti kwa njia moja. Ipo A2DP, inayobeba muziki: sauti ni nzuri na ya stereo, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu hadi sikioni. Na ipo HFP, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga simu: inakwenda na kurudi, ila ni mono na imebanwa, sampuli 8,000 kwa sekunde au 16,000 kwenye vifaa vipya zaidi. Ndiyo sababu muziki uliokuwa safi hugeuka na kusikika kama unatoka ndani ya kopo mara maikrofoni inapofunguliwa. Spika hazina kosa. Sauti imehamishiwa njia nyembamba.

Hedseti ya helmeti ina nafasi chache za njia hizi, nayo huzipanga kwa daraja. Mpangilio wa kawaida huweka simu juu, maelekezo ya ramani chini yake, kisha intakomu (mazungumzo kati ya waendeshaji), na muziki mwisho. Kinachoamua kama maelekezo yatasikika pamoja na mazungumzo au yatayakata ni namna GPS ilivyounganishwa. Hedseti nyingi hutoa chaguo mbili tofauti kwenye menyu: kuunganisha simu ya pili, na kuunganisha GPS. Ukichagua simu ya pili, kila agizo la kupinda hukata intakomu kwa sekunde kadhaa, halafu mazungumzo yanarudi katikati ya sentensi. Ukichagua GPS, agizo huwekwa juu ya mazungumzo na yote mawili yanasikika. Kifaa ni kilekile na waya hakuna hata mmoja uliobadilishwa, lakini matokeo ni tofauti kabisa.

Kosa la pili ni kuunganisha kila kitu na kila kitu. Simu inaunganishwa na hedseti, simu hiyohiyo inaunganishwa na GPS, na GPS nayo inaunganishwa na hedseti. Simu ikiita, hedseti na GPS zote zinagombea kuipokea. Mara sauti inatokea huku, mara kule, na baada ya kukata simu muziki haurudi. Chagua kitovu kimoja ukishikilie. Kitovu kinaweza kuwa simu: ramani, muziki na simu vyote vinatoka humo na kwenda kwenye hedseti, basi. Au kitovu kiwe GPS yenyewe: simu inaunganishwa na GPS tu, hedseti inaunganishwa na GPS tu, na GPS ndiyo inayopeleka kila sauti sikioni. Pikipiki zenye skrini ya kiwandani inayosoma simu zinaongeza mgombea wa tatu, na huko skrini ya pikipiki ndiyo inayotaka kuwa kitovu. Honda Gold Wing ya mwaka 2018, iliyokuwa pikipiki ya kwanza kuja na Apple CarPlay, mfumo unaoleta programu za iPhone kwenye skrini ya chombo, haikuonyesha ramani ya CarPlay mpaka hedseti iwe imeunganishwa na pikipiki. Waliounganisha hedseti na simu moja kwa moja waliona skrini haina kitu wakadhani imeharibika.

Chukua karatasi, chora visanduku vya vifaa vyako na mishale ya sauti. Kisanduku cha hedseti kikipokea mishale miwili ya HFP ambayo huwezi kueleza kila mmoja ni wa kazi gani, futa mmoja. Kisha kabla ya kuunganisha upya, futa miunganisho yote ya zamani kwenye vifaa vyote, pande zote mbili. Kufuta upande mmoja hakutoshi, kwa sababu upande wa pili utaendelea kumtafuta mwenzake wa zamani.

Kuhusu intakomu kati ya pikipiki na pikipiki, tofauti kubwa ni kati ya Bluetooth ya kawaida na meshi. Kwenye Bluetooth waendeshaji hushikana kama mnyororo, kwa kawaida hadi wanne, na wa katikati akibaki nyuma kundi linakatika vipande viwili. Kwenye meshi kila hedseti hupokea na kupeleka mbele, hivyo mmoja akitoka wengine wanatafuta njia nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Kampuni ya Sena inataja hadi watu 24 kwenye kundi la faragha la meshi yake, Mesh 2.0, na kampuni ya Cardo hadi 15 kwenye yake, DMC. Umbali unaotajwa, takriban kilomita 1.6 hadi 2 kati ya pikipiki na pikipiki, ni wa mahali peupe. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti kwenye kilima wala kwenye mwili wa lori, kwa hiyo kwenye barabara ya milima tegemea sehemu ndogo ya umbali huo. Na kabla kundi halijanunua, wote wakubaliane kampuni moja. Meshi ya kampuni hizi mbili hazikutengenezwa kuelewana; kinachowezekana ni kuziunganisha kwa Bluetooth, jambo linalokula nafasi uliyoitaka kwa ajili ya GPS.

Umeme

Vifaa hivi havili umeme mwingi. GPS yenye skrini ya inchi 5 au 6 hutumia wati 5 hadi 10, na simu inayochajiwa huku ramani ikiwaka wati 10 hadi 20. Koti moja la kupasha joto hula zaidi ya vyote kwa pamoja. Kwa hiyo altaneta ya pikipiki ya safari ndefu haina wasiwasi navyo. Kinacholeta shida ni mahali umeme unapochukuliwa na kinachoendelea pikipiki ikiwa imezimwa.

Chukulia soketi ya USB iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Hata bila kitu kilichochomekwa, sakiti yake ya kushusha volti inaweza kula miliampea 10. Kwa siku 30 hizo ni ampea-saa 7.2, yaani zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 14. Ongeza taa ndogo ya buluu inayopamba soketi na saa ya pikipiki yenyewe, na hutawasha injini mwezi ukiisha. Dawa ni kufanya kila kitu kizimike pamoja na ufunguo, na njia safi ya kufanya hivyo ni relei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme.

Relei ya kawaida ya gari ya ampea 30 ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unapokea umeme kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi kuu. Mguu wa 87 unapeleka umeme huo kwenye kisanduku kidogo cha fyuzi za vifaa. Mguu wa 86 unaunganishwa na waya wowote unaowaka ufunguo ukifunguliwa, kwa mfano wa taa ya nyuma, na 85 unakwenda hasi. Koili iliyo kati ya 86 na 85, inayoivuta swichi, hutumia takriban ampea 0.15 hadi 0.2 tu, kwa hiyo waya wa taa ya nyuma haubebi mzigo wa vifaa vyako. Unatoa ishara peke yake. Tumia relei yenye diodi au kizuizi ndani, maana koili inapokatwa umeme hurusha volti za juu kwa muda mfupi sana, na volti hizo zinaumiza vifaa vya kompyuta vya pikipiki. Yenye diodi haikubali 85 na 86 kubadilishana.

Usichukue ishara kwenye waya wa taa kubwa ya mbele. Pikipiki nyingi huizima taa hiyo wakati stata inazunguka, na GPS itaonyesha ujumbe kwamba umeme wa nje umekatika kila unapowasha injini. Hata kwenye waya mwingine volti inaweza kushuka hadi 9 au 10 stata ikivuta. Kifaa kikiwaka upya hapo tu na si kwingine, hicho si kitu cha kuhangaikia.

Pikipiki zenye mtandao wa CAN, ambao kompyuta za pikipiki huutumia kuwasiliana, zinahitaji tahadhari zaidi. Humo kompyuta inapima mkondo wa kila mzunguko, na ikiona mkondo isioutarajia inaweza kuukata au kuwasha taa ya hitilafu. Usikate waya wowote wa taa. Tafuta plagi ya vifaa vya ziada iliyoachwa na kiwanda, mara nyingi chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha mbele, utumie hiyo kwa ishara ya relei.

Fyuzi ipo kulinda waya, si kifaa. Kwa sababu hiyo inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 15 hivi kutoka kwenye chanya. Ukiiweka mwisho wa waya karibu na GPS, mita nzima ya waya kabla yake haina ulinzi, na ikichunwa na fremu itawaka moto. Kwa waya mkuu wa milimita za mraba 2.5 weka fyuzi ya ampea 15. Matawi ya kwenda kwenye vifaa yanatosha kwa milimita za mraba 0.75 na fyuzi ya ampea 3 kwa GPS, 5 kwa soketi ya USB. Unene wa waya si suala la kuwaka tu: waya wa milimita za mraba 0.5 wenye mita 3 kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 0.1 hivi. Kwa ampea 3 unapoteza volti 0.3, ambayo haionekani, lakini kwa ampea 10 unapoteza volti nzima.

Viungo vifungwe kwa vichwa vya kubana vilivyobanwa na koleo lake halisi, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa wenye gundi ndani. Kuunga kwa risasi kunashika vizuri mezani, lakini risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzifanya ngumu, na mtikisiko unazikata pale sehemu ngumu inapokutana na laini. Vile viungio vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya viepuke kabisa. Vinakata nyuzi chache na kuruhusu unyevu, kisha baada ya miezi unapata umeme unaokuja na kwenda. Hasi za vifaa vyote zirudi mahali pamoja, karibu na hasi ya betri, badala ya kila kimoja kuunganishwa na bolti yoyote ya fremu iliyo karibu.

Unapoanza kazi, fungua hasi ya betri kwanza na uirudishe ya mwisho. Spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, umeme wote wa betri unapita kwenye spana.

Kuna kisanduku kidogo kwenye waya wa vishikio vya GPS vingi, nacho ni cha kushusha volti 12 kuwa 5. Watu hukikata ili waya upite kwenye tundu jembamba, kisha wanaunga ncha moja kwa moja. Kifaa kinapokea volti 14 injini ikiwa imewaka na kinakufa papo hapo. Ukilazimika kukata, kata upande wa volti 12 na ukiache kisanduku kizima.

Chaja za USB za bei rahisi zina kasoro nyingine isiyoonekana kwa macho. Zinashusha volti kwa kuwasha na kuzima umeme mara maelfu mengi kwa sekunde, na bila uchujaji mzuri zinamwaga kelele ya redio. Ishara ya GPS inatoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu na inafika ikiwa hafifu mno, kwenye masafa ya 1575.42 MHz, hivyo chaja yenye kelele sentimita tano kutoka kwenye antena inatosha kuifunika. Jaribio ni rahisi: fungua ukurasa wa setilaiti, chomeka na uchomoe chaja, uangalie kama nguvu ya ishara inashuka.

Skrini ikae wapi

Skrini inapaswa kuwa juu ya saa za pikipiki, karibu na mstari wa macho yanayoangalia barabara, ili kuitazama kusihitaji kuinamisha kichwa. Kuiweka kwenye tangi kunapendeza kwa picha, lakini kwa kilomita 100 kwa saa pikipiki inasafiri karibu mita 28 kila sekunde, na kushuka kwa macho hadi tangini na kurudi kunakula zaidi ya sekunde.

Pima kipenyo cha usukani kabla ya kuagiza kishikio: vya kawaida ni milimita 22, 25.4 na 28.6, na usukani wenye tumbo hubadilika kipenyo ndani ya sentimita chache. Sahani za nyuma za vifaa vingi hutumia matundu manne ya AMPS, milimita 30 kwa 38, kwa hiyo kishikio cha mtengenezaji mmoja hukubali kifaa cha mwingine. Bolti zipakwe gundi ya kufungia nyuzi ya nguvu ya kati, ile ya buluu. Nyekundu itakulazimisha kupasha moto siku ya kufungua.

Simu kama skrini inawezekana, ila ijulikane gharama yake. Mwaka 2021 Apple walitoa onyo kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kutuliza picha kwenye kamera za iPhone. Kishikio chenye mipira ya kumeza mtikisiko ni lazima, si anasa. Joto nalo: Apple wanaitaja iPhone kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 35 za hewa inayoizunguka, na simu iliyo juani huku inachajiwa bila waya huvuka hapo upesi, ikipunguza mwanga wa skrini wakati ambao jua linakutaka uuongeze. Mvua hugusa skrini na kufungua vitu usivyoviomba. Kwa safari ya wiki nzima tunaona GPS ya pikipiki, iliyozibwa maji na inayokubali glavu, inalipa, na simu inabaki mfukoni ikiwa hai kwa dharura.

Nyaya zinazovuka shingo ya usukani ndizo hukatika. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukiangalia kila waya: usivutike, usibanwe kati ya fremu na uma, usiguse kebo ya akselereta. Acha kitanzi kidogo hapo.

Ndani ya helmeti

Spika zenye kipenyo cha milimita 40 zinataka kukaa sawasawa na tundu la sikio. Sentimita moja pembeni na unaanza kuongeza sauti hadi mwisho bila kuelewa maneno. Vaa helmeti, sogeza spika kidogo kidogo huku zikicheza, halafu ndipo ubandike. Kama mfuko wa masikio ni wa kina, weka sponji nyuma ya spika ili isogee karibu, lakini usichonge hata kidogo povu gumu la kinga. Maikrofoni ya mkono iwe karibu kugusa midomo, alama yake ikitazama mdomo; ikigeuka, inabeba upepo.

Kelele ya upepo ndani ya helmeti kwenye barabara kuu huvuka desibeli 90. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu: 94 ni saa moja. Kuongeza sauti ya spika ili kuushinda upepo ni kuyaumiza masikio mara mbili. Vaa vizibo vya masikio, kisha ongeza spika. Upepo na maneno vyote vinapungua, lakini wewe unarudisha maneno peke yake.

Redio, kelele na majaribio

Kwa kundi linalotawanyika kilomita nyingi, redio ya CB, ile ya mawasiliano ya raia, ya 27 MHz bado ina kazi. Robo ya wimbi lake ni karibu mita 2.75, hivyo antena ya pikipiki ni fupi kuliko inavyotakiwa na inasaidiwa na koili, tena inahitaji chuma chini yake, ambacho pikipiki ya plastiki inacho kidogo. Pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa, kwenye chaneli ya 1 na ya 40. Ikiwa kubwa kwenye 40, antena ni ndefu, ipunguze. Ikiwa kubwa kwenye 1, irefushe. Usitangaze kwa muda mrefu SWR ikiwa juu ya 2. Redio za PMR446 za Ulaya ni za nusu wati na hazihitaji leseni, lakini sheria yake hairuhusu kubadilisha antena. Kwenye redio yoyote tumia kitufe cha kuzungumza kwenye mkono wa kushoto. Mfumo unaojifungua kwa sauti hufunguliwa na upepo.

Ukisikia mluzi unaopanda na mzunguko wa injini kwenye mfumo wa nyaya, chomoa umeme wa kifaa kimoja kimoja na ukiendeshe kwa betri yake. Mluzi ukikoma, hasi mbili zimeungana kwa njia mbili, na dawa ni hasi moja au transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Mlio wa tiki-tiki unatoka kwenye plagi za injini. Hakikisha ni zile zenye kizuizi ndani.

Jambo moja zaidi huharibu siku ya kundi bila waya wowote kukatika. Faili la GPX, ambalo waendeshaji hupeana ili kufuata safari moja kwenye GPS, linaweza kubeba njia iliyopangwa au mstari uliorekodiwa. Njia iliyopangwa hupigiwa hesabu upya na kila kifaa kwa ramani na mipangilio yake, hivyo watu watatu wenye faili moja wanaweza kupelekwa barabara tatu. Mstari uliorekodiwa haubadiliki. Mkitaka kupita palepale, peaneni mstari.

Jaribu kwa mpangilio: umeme kwanza injini ikiwa imezimwa na ufunguo wazi, kisha sauti ya kifaa kimoja kimoja, kisha vyote pamoja mkiwa mmesimama, na mwisho saa moja ya barabara halisi yenye mashimo. Pikipiki ikipoa, fungua hasi ya betri, weka mita ya miliampea katikati yake na nguzo, ufunguo ukiwa umefungwa. Ikisoma chini ya miliampea 5 uko salama. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Baada ya kilomita 500 hivi, kaza tena bolti zote za vishikio.